Namna ya kuipanga redio ya gari ipandishe na kushusha sauti yenyewe kulingana na mwendo

Redio nyingi za gari zinazotoka kiwandani zina mpangilio mmoja ambao mtu anaweza kumiliki gari miaka mitano na kuliuza bila kuugusa. Kazi yake ni ndogo tu: gari likiongeza mwendo, sauti inapanda kidogo, likipunguza mwendo, sauti inashuka. Ukipangwa vizuri, utasahau kwamba upo. Ukipangwa vibaya, redio itakupigia kelele kila unapokanyaga mafuta na kunywea kila unaposhika breki, mpaka utauzima kwa hasira na kurudi kwenye kazi ya kuzungusha kitufe safari nzima.

Mwongozo huu unahusu kuupanga mpaka usiusikie tena. Huko mwishoni kuna sehemu ya wale ambao redio zao hazina kitu hiki, au walikuwa nacho kikapotea walipobadilisha redio.

Kelele unayoshindana nayo

Gari likiwa limesimama na injini inaunguruma taratibu, ndani huwa na kelele ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 40 hadi 45 hivi kwa gari la kawaida lililofungwa vioo. Likifika kilomita 100 kwa saa kwenye lami, kelele hupanda hadi 65 au 70. Usizihesabu desibeli kama unavyohesabu kilo za sukari. Kila zinapoongezeka 10, sikio huona kama sauti imekuwa kubwa mara mbili. Ndiyo maana taarifa ya habari uliyokuwa ukiisikia neno kwa neno kwenye taa za barabarani, dakika chache baadaye unaambulia vipande.

Kelele hiyo ina wenyewe watatu. Kwenye mwendo mdogo injini ndiyo inayosikika zaidi, hasa unapoondoka. Ukipita kilomita 50 hivi, matairi yanachukua nafasi. Ukipita 100, upepo unaanza kuyazidi matairi, na huyu ndiye mkorofi kuliko wote: nguvu ya kelele yake hukua takriban kwa kipeo cha sita cha kasi, kwa hiyo kasi ikiongezeka mara mbili, kelele ya upepo peke yake huongezeka kama desibeli 18.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kelele ya barabara ni nzito. Sehemu kubwa yake iko chini ya hezi 500 (hezi hupima wembamba wa sauti, zikiwa chache sauti ni nzito), yaani inakaa palepale besi inapokaa, na hivyo besi ndiyo inayomezwa kwanza. Wimbo uliokuwa umeshiba ukiwa umeegesha, ukifika barabara kuu unasikia sauti ya mwimbaji na matoazi, mpiga gitaa la besi kama ameshukia njiani. Lishike hilo, tutalihitaji kwenye hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: jua inaitwaje kwenye gari lako

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa sababu kila kampuni imeupa mpangilio huu jina lake. Honda huandika SVC. Toyota huandika ASL. Mazda ni ALC, Hyundai na Kia ni SDVC, Volkswagen ni GALA. Kwenye Nissan utakuta maneno "Speed Sensitive Vol.", kwenye Jeep na Dodge "Speed Adjusted Volume", na magari mengi ya General Motors huandika "Auto Volume" tu. Ukiona neno lolote linalounganisha "speed" na "volume", umefika.

Usiuchanganye na mipangilio mingine miwili inayokaa jirani nayo kwenye menyu. Ule unaoandikwa "Loudness" huongeza besi unaposikiliza kwa sauti ndogo, na hauna habari na mwendo wa gari. Na ule unaosawazisha sauti kati ya wimbo na wimbo, au kati ya kituo na kituo, huandikwa "Volume Leveler" kwenye baadhi ya redio. Huo nao haujui kama umeegesha au unakimbia. Watu huwasha huu wa pili, wanaona hakuna kilichobadilika barabarani, wanasema redio mbovu.

Kisha kuna mfumo wa aina ya tatu, ulio tofauti kabisa na SVC na wenzake. Mfumo wa AudioPilot wa Bose, unaopatikana kwenye baadhi ya magari yenye spika za Bose, hauangalii kasi peke yake. Una maikrofoni ndani ya gari inayosikiliza kelele yenyewe na kuilinganisha na muziki unaopigwa. Mvua ikinyesha juu ya bati la gari, au abiria akifungua kioo, huo unajua. Mfumo wa kasi haujui. Kwake, kilomita 80 kwenye lami laini na kilomita 80 kwenye changarawe ni kitu kimoja. Ni vizuri kujua una upi, kwa sababu lawama zake hazifanani. Huu wa maikrofoni hauna viwango vingi vya kuchagua, mara nyingi ni kuwasha au kuzima tu, kwa hiyo mwenye nao anaweza kuruka hatua ya nne.

Hatua ya pili: ufikie

Egesha gari kwanza. Menyu hizi zina vitu vingi vinavyofanana na kuzichimba huku unaendesha ni kutafuta ajali. Magari mengi ya siku hizi hata hayakubali uingie sehemu fulani za menyu gari likiwa kwenye mwendo.

Kwenye redio yenye skrini, usianzie kwenye mipangilio ya gari. Anzia kwenye mipangilio ya sauti, palepale penye besi na trebo (sauti nyembamba). Ukikosa hapo ndipo uhamie kwenye mipangilio ya jumla.

Kwenye redio za zamani zenye vitufe, tafuta kitufe kilichoandikwa SOUND au AUDIO, au bonyeza kwa ndani kile cha kuzungusha. Ukibonyeza mara moja inakuja besi, ukibonyeza tena inakuja trebo, halafu mgawanyo wa spika za mbele na nyuma, halafu kushoto na kulia, na kama gari lina spika ya besi peke yake nayo itapita. Mpangilio wa mwendo mara nyingi ndio wa mwisho kwenye msururu huo, na hiyo ndiyo sababu haujulikani: watu huishia kwenye besi. Endelea kubonyeza mpaka uone orodha imerudi mwanzo. Ukizunguka yote bila kuuona, basi haupo au umefichwa kwenye menyu nyingine.

Viwango huandikwa kwa namna mbili. Ama OFF, LOW, MID na HIGH kama Honda na Toyota, ama namba. Usidhani MID ya gari moja ni sawa na MID ya jingine. Kila kampuni imepima kwa kelele ya gari lake.

Hatua ya tatu: panga sauti ya kuanzia ukiwa umesimama

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama zilizobaki zitafaa kitu. Mfumo huu hauna sauti yake. Unaongeza juu ya ile uliyoiweka wewe. Ukiuanzishia pabaya, utapanda kutoka pabaya.

Washa injini, funga vioo vyote, weka feni ya kiyoyozi kwenye kiwango unachotumia siku zote. Rudisha besi na trebo katikati. Kama muziki wako unatoka kwenye simu kwa Bluetooth, pandisha sauti ya simu yenyewe hadi karibu na mwisho, kisha rekebisha kwa redio. Simu ikiwa na sauti ndogo, utalazimika kuizungusha redio mpaka 30 kati ya 40 ili usikie tu, na mfumo unapotaka kuongeza barabarani utakuta hakuna pa kwenda.

Sasa chagua cha kusikiliza. Usitumie muziki, tumia mtu anayezungumza: taarifa ya habari, mahojiano, kitabu cha kusikiliza. Muziki una kupanda na kushuka kwake wenyewe, na hutajua kama sauti imepanda kwa sababu ya mwendo au kwa sababu ngoma zimeingia. Mzungumzaji mmoja anakaa palepale, na ukikosa neno moja unajua umelikosa. Weka sauti pale unapomsikia kila neno bila kutega sikio, na usizidishe hapo.

Tuangalie na upande wa nguvu, kwa sababu unaeleza jambo linalowasumbua wengi. Redio ya kawaida isiyo na amplifaya ya nje (kifaa cha kuipa sauti nguvu) hutumia umeme wa gari moja kwa moja. Injini ikiwa inafanya kazi, umeme huo ni volti 14.4 hivi, na kwenye spika ya omu 4 hauwezi kutoa zaidi ya wati 26 safi kwa kila spika. Kwa vitendo ni kama 20. Ile "50W x 4" iliyoandikwa usoni ni kilele cha muda mfupi sana, si kitu cha kutegemea. Sasa piga hesabu. Ukiwa umesimama unasikiliza kwa wastani wa nusu wati, ambayo ni sauti ya kutosha kabisa. Mfumo ukiongeza desibeli 10 barabarani, nguvu inayohitajika si mara mbili, ni mara kumi: wati 5. Ngoma ikipigwa inazidi wastani huo kwa desibeli nyingine 10, yaani inataka wati 50, na redio ina 20. Zile 30 zinazokosekana unazisikia kama mkwaruzo.

Kwa hiyo ukiona sauti inakwaruza kwenye mwendo mkubwa tu, spika zako huenda hazina kosa lolote. Punguza besi hatua mbili tatu, kwa sababu besi ndiyo inayokula nguvu nyingi. Najua inaudhi: besi ndiyo hiyohiyo inayomezwa na kelele ya barabara, na mkono wako unataka kuiongeza. Kwa redio isiyo na amplifaya ya nje, huwezi kupata vyote viwili. Mwenye amplifaya ya nje anaweza kuongeza besi kidogo na asipate shida.

Hatua ya nne: ijaribu barabarani, na usiijaribu peke yako

Chukua mtu akae kiti cha mbele. Yeye ndiye atakayebonyeza, wewe kazi yako ni usukani. Tafuta njia inayokuwezesha kupita mwendo wa mtaani, wa kati na wa barabara kuu ndani ya safari moja, na ya lami nzuri. Kabla ya kuondoka angalia upepo wa matairi. Tairi lenye upepo usiofaa linabadilisha kelele na utakuwa unapanga redio kwa ajili ya tatizo la tairi.

Anza na jaribio la kujua kama mfumo unafanya kazi kabisa. Ukifika kwenye mwendo wa barabara kuu, uushike hapohapo bila kupanda wala kushuka. Mwambie mwenzako ahamishe mpangilio kutoka OFF hadi HIGH, asubiri kidogo, arudishe OFF. Tofauti inapaswa kusikika waziwazi. Usiangalie namba ya sauti kwenye skrini, kwa sababu kwenye redio nyingi namba hiyo haibadiliki. Inaonyesha ulichoweka wewe, na nyongeza inafanyika chinichini. Watu wengi wameiona 18 haijasogea wakadhani hakuna kinachotokea. Kama kweli hakuna tofauti ya kusikia kati ya OFF na HIGH kwenye kilomita 90 au 100, redio haipati taarifa ya mwendo, ruka uende kwenye sehemu ya "Ikigoma" huko chini.

Kama tofauti ipo, weka LOW, au namba 1. Simama mahali salama, hakikisha sauti ya kuanzia ni ileile uliyoipanga, kisha endesha kama kawaida na umsikilize mzungumzaji. Unatafuta majibu ya maswali mawili tu. Kwenye mwendo wa barabara kuu, unamsikia kila neno? Na unapopunguza mwendo kuingia mtaani, sauti inashuka bila wewe kugutuka?

La kwanza likishindikana, panda ngazi moja. La pili likishindikana, shuka ngazi moja. Yakishindikana yote mawili kwa pamoja, fuata la pili. Afadhali uongeze sauti kidogo kwa mkono wako mara moja ukiingia barabara kuu kuliko kuwa na redio inayopanda na kushuka kama pumzi za mtu aliyelala. Kwa magari mengi madogo yasiyozuia kelele vizuri, MID ndiyo hufaa. Kwa gari lililofungwa vizuri, LOW inatosha na HIGH ni kero. Wenye gari tulivu sana wanaweza kuzima kabisa wasikose kitu.

Sikiliza kwa makini zaidi unaposhuka kuliko unapopanda. Wakati wa kupanda, kelele ya gari inafunika kasoro za mfumo. Wakati wa kushuka unaachiwa redio peke yake, na kama imechelewa kurudi utasimama kwenye taa huku inahubiria magari ya jirani. Mifumo mingi huchelewa kidogo makusudi, ili sauti isiruke kila ukigusa breki. Kuchelewa kwa sekunde mbili tatu ni kawaida. Kama gari limesimama kabisa na sauti bado iko juu, hapo pana hitilafu.

Abiria wa nyuma naye aulizwe. Spika za nyuma zikiwa zimepewa nguvu nyingi kwenye mgawanyo wa mbele na nyuma, nyongeza ambayo dereva anaiona ndogo inaweza kumfikia yeye ikiwa kubwa, na kama ni mtoto amelala huko, utapata jibu bila kuuliza.

Jambo moja la afya kabla hatujaondoka hapa. Shirika la Afya Duniani linaweka desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kama kikomo cha usalama kwa masikio ya mtu mzima. Kelele ya gari ikiwa tayari ni 70, mzungumzaji wa kusikika vizuri atakuwa juu yake kidogo, na muziki wa kupendeza juu zaidi. Dereva anayeshinda barabarani siku nzima anaukaribia mpaka huo bila kujua, na mfumo huu unampandishia mwenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo ningesema LOW na isizidi. Tena king'ora cha gari la wagonjwa nacho lazima kikufikie.

Ikigoma

Hakuna tofauti yoyote hata kwenye HIGH. Kama redio ni ile ya kiwandani, jiulize kama kipimo cha mwendo kwenye dashibodi kinafanya kazi. Kikiwa kimekufa, redio nayo haina habari. Kwenye magari ya zamani sensa ya mwendo kwenye gia hutuma mapigo ya umeme moja kwa moja kupitia waya. Kwenye magari mapya taarifa hutoka kwenye sensa za magurudumu za breki za ABS (zile zinazozuia magurudumu yasijifunge) na kusafiri kwenye mtandao wa CAN, nyaya ambazo kompyuta za gari hupashana habari, ule ambao Bosch waliutambulisha mwaka 1986. Kama kipimo cha dashibodi kinafanya kazi na redio ni mpya uliyoifunga baadaye, karibu kila mara jibu ni waya ambao haukuunganishwa.

Waya huo unatafutwa hivi. Kwenye plagi za kawaida za redio zinazofuata kiwango cha ISO 10487, kile kipande cha umeme chenye pini nane, pini ya A1 imetengwa kwa ajili ya taarifa ya mwendo. A4 ni umeme wa kudumu, A7 ni umeme wa swichi, A8 ni hasi; baadhi ya magari ya Volkswagen yamebadilishana A4 na A7, kwa hiyo pima kabla ya kuamini. Kwenye magari ya Japani waya wa mwendo mara nyingi umeandikwa SPD kwenye mchoro wa nyaya. Hakikisha na redio yenyewe ina pa kuupokea, kwa sababu redio nyingi za kununua hazina. Na zile zenye ramani hutumia waya huo kwa ramani tu, si kwa sauti. Soma kitabu chake kabla hujamlipa fundi.

Kuthibitisha waya wenyewe, tumia multimita, yaani kipimo cha umeme. Weka swichi kwenye ON bila kuwasha injini, gia iwe huru, gari liwe mahali tambarare, na mtu mwingine alisukume polepole sana huku mmoja akiwa tayari kwenye breki. Kwenye gari la zamani lenye sensa ya mapigo utaona volti zinaruka: sifuri, halafu 5 au 12, halafu sifuri tena, kadiri gurudumu linavyozunguka. Magari ya Japani yaliyofuata kipimo cha huko hutoa mapigo 4 kwa kila mzunguko wa sensa, na mizunguko 637 kwa kilomita, kwa hiyo hata ukisukuma mita moja tu utaona mabadiliko mawili matatu. Ukiona namba imekaa palepale, huo si waya wenyewe.

Kabla ya kukata au kuunga chochote, chomoa hasi ya betri. Na kabla ya kuchomoa betri, hakikisha una namba ya siri ya redio kama inayo. Baadhi ya redio zikikosa umeme zinajifunga mpaka uingize namba hiyo. Usiguse kamwe nyaya zinazotoka kwenye sensa za ABS kwenye magurudumu. Taarifa inayopita humo ni dhaifu, na kuunga redio hapo kunaweza kuwasha taa ya ABS na kuziondoa breki kwenye ulinzi wake. Kama gari lako linatuma mwendo kwenye CAN tu, unachohitaji ni kile kisanduku kidogo cha kutafsiri CAN kinachokaa kati ya gari na redio, na si waya wa kuchubua kwa meno.

Sauti inapanda gari likiwa limesimama. Ukiwa na mfumo wa maikrofoni, angalia feni ya kiyoyozi: ikivuma kwa nguvu kuelekea kwenye maikrofoni, mfumo unadhani ni kelele ya barabara. Geuza matundu ya hewa. Mvua nayo huleta jambo hilo, na hapo mfumo haujakosea.

Inaruka mara kwa mara mjini. Ngazi ni kubwa mno, shuka moja. Foleni ya kwenda na kusimama ndiyo hali mbaya kuliko zote kwa mfumo huu, na anayekaa mjini tu bila kutoka barabara kuu hana sababu ya kuwa juu ya LOW.

Sauti za ramani zinakuwa kubwa kuliko muziki, au simu inapopigwa mtu anasikika kama yuko mbali. Kwenye redio nyingi ramani, simu na muziki kila kimoja kina sauti yake. Usiguse mpangilio wa mwendo kwa ajili hiyo. Subiri ramani inapozungumza, au simu inapokuwa hewani, ndipo mwenzako azungushe kitufe. Redio itakumbuka kiwango hicho kwa kazi hiyo peke yake.

Kama redio haina kabisa

Redio za Android zinazouzwa na kufungwa baadaye mara nyingi hutumia GPS badala ya waya wa mwendo. Tafuta kwenye mipangilio ya gari au ya sauti maneno yanayohusu kasi na sauti. Nyingine zinakuuliza sauti iongezeke ngazi ngapi kwa kila kilomita kadhaa. Anza na nyongeza ndogo kabisa inayopatikana. Ufanisi wake wote uko kwenye antena ya GPS, kile kidude kidogo cha mraba chenye waya mrefu. Fundi mwenye haraka hukitupa nyuma ya redio kati ya mabati. Omba kiwekwe juu ya dashibodi au chini tu ya plastiki yake, uso ukitazama juu. Hata hivyo GPS huchelewa sekunde moja mbili, na ndani ya handaki haina mwendo wa kutoa, kwa hiyo redio ama hubaki ilipokuwa au hurudi chini.

Njia ya mwisho ni simu. Kwenye Android kuna programu zinazosoma GPS na kupandisha sauti ya simu kadiri unavyokimbia.  Zinahitaji ruhusa ya kujua ulipo muda wote zinapofanya kazi, na zinakula chaji, kwa hiyo simu iwe kwenye chaja. Hapa ule ushauri wangu wa kupandisha simu hadi karibu na mwisho unageuka: sauti ya simu ianzie kwenye asilimia 60 hivi ili programu ipate nafasi ya kupanda, na kile kitufe cha redio ukipange mara moja usikiguse tena.

Ukishapata ngazi inayokufaa, iandike mahali, pamoja na namba ya sauti ya kuanzia. Betri ikichomolewa kwa matengenezo, baadhi ya redio hurudi kwenye viwango vya kiwandani, na Honda kwa mfano huja ikiwa kwenye MID. Gari likitoka kwa fundi na redio ikaanza vituko vya kupanda na kushuka, fungua menyu kwanza kabla ya kumpigia simu.